Mkato wa Nane

Enzi zile misafara ya pembe ilipokuwa ikipita bondeni na kuzoa watu wa kuuza, milimani Upare palikuwa na vijiji viwili vilivyokunywa maji ya bwawa moja. Ngwewe ilikaa juu, Kiveta chini, na bwawa lao, ndiva, lilikuwa ukingoni mwa msitu. Walipigana miaka mitatu. Walichomeana nyumba na kuibiana mbuzi, lakini ndiva hawakuigusa.

Kila siku ya tano mtu mmoja wa Kiveta alipanda bila silaha, mkononi ana jani la isale la amani na ufito wenye mikato saba. Aliuzamisha ufito majini, akataja kwa sauti mkato uliolowa, na mlinzi wa Ngwewe akazibua maji kwa kadiri hiyo. Siku hiyo Ngwewe nao waliacha mikuki nyumbani, wakaja msaragambo, kazi ya wote ya kuziba nyufa za ukuta kwa udongo. Mikato ilikuwa saba tu. Kwenye wa saba maji humwagika yenyewe juu ya ukuta, sasa wa nane ungekatwa wa nini?

Mshika ufito alikuwa Kajiru, mtu mwoga. Nasema mwoga, na wajukuu zake wakitaka kuninunia waninunie. Alipanda mlima huo miaka mitatu kwa sababu tu mtama wake haukuwa na maji mengine.

Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa akipanda kando ya mfereji wa kuteremshia maji Kiveta, uliokuwa mkavu bado, wenye kina cha kiuno na kufunikwa na majani. Akasikia mtu anakohoa ndani yake.

"Usigeuke," sauti ikasema. "Gobole hili linakuangalia mgongo."

Kwa pembe ya jicho akaona vilemba vya kaniki na pembe za baruti viunoni. Watu ishirini, labda zaidi, wakitambaa.

"Mfumwa wako ametuonyesha njia," sauti ikaendelea. "Wewe nenda kama siku zote. Ukishataja hesabu, tunatoka. Wao tunawachukua, ndiva inabaki yenu peke yenu."

"Mfumwa? Mtawala wetu mwenyewe?"

"Tembea!"

Akatembea. Jasho lilimtiririka hadi ufito ukateleza mkononi. Alitamani kulia, alitamani mama yake, alitamani asingezaliwa. Mbele, kwenye ukuta wa ndiva, wanawake wa Ngwewe walikuwa wakikanyaga udongo na watoto migongoni, wakitaniana, wala hakuna aliyekuwa na hata kisu.

Nakijwa, mlinzi wa ndiva, alisimama juu ya kizibo cha gogo kilichofungwa kwa magome ya migomba. Alikuwa mama wa makamo, mjane wa vita hivyo hivyo.

"Karibu, baba," alisema. "Umechelewa. Unaumwa?"

"Sijambo, mama."

Akauzamisha ufito. Maji yalifika mkato wa tano. Angetaja tano, angerudi nyumbani mzima. Maji ya tano ni ya kulowesha vifundo, hayamzuii mtu kutoka mferejini. Shamba lake lingepona. Hakuna ambaye angejua.

Akafungua mdomo.

"Nane!"

Kicheko kikakatika ukutani. Nakijwa akamtazama.

"Umesema ngapi, baba?"

"Nane, mama." Machozi yalimtoka waziwazi. Akalitupa jani la isale ndani ya mfereji. "Nane! Nane!"

Nakijwa akaliona jani la amani limelala mferejini, akaelewa. "Kizibo chote!" akapiga kelele. "Vuteni wote!"

Mikono kumi na mitano ikalinyakua gogo. Ndiva nzima ikaingia mferejini kwa mkupuo mmoja. Loo! Wale watu hawakuwahi hata kusimama. Maji yaliwabeba na mawe na matope, na waliojikokota kutoka walikuta baruti imekuwa uji. Wanawake waliwasubiri na majembe.

Jioni Kajiru alisimama mpakani mwa Kiveta, akiogopa kuingia kwa ajili ya mfumwa. Mkewe alikuja akabaki upande wa pili.

"Maji yako wapi?" akauliza.

"Yamekwisha."

"Yote?"

"Yote."

Mkewe alilia, akaondoka. Mwaka huo mtama ulikauka juu na chini, na mfumwa akatangaza kwamba Kajiru akionekana Kiveta auawe. Akaishi Ngwewe hadi kufa, akiogopa kila kikohozi.

Jina la mfumwa huyo halikumbukwi. Lakini watu wa Ngwewe wanapohesabu kitu chochote husema: sita, saba, Kajiru, tisa. Na Kiveta, walikomfukuza, huhesabu vivyo hivyo.