Elina Ana Kwao

Makambako kuna upepo. Mgeni akishuka kwenye basi hushika kofia kwanza, salamu baadaye. Wenyeji wameshazoea.

Hulda alikuwa mwenyeji. Kila asubuhi aliwasha jiko lake la mkaa kando ya stendi. Alibandika birika la chai na sufuria ya viazi, vile viazi vya Njombe vinavyopasuka vyenyewe vikiiva. Madereva na makondakta wote walimjua.

"Mama Chai, nipe kikombe!" walimwita.

Hulda aliitika na kucheka. Lakini jina hilo lilimchoma. Wenzake pale stendi waliitwa Mama Geofrey na Mama Scolastika, kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa kwa birika. Alikuwa ameolewa na Elius, fundi seremala, kwa miaka mingi. Hospitali walikwenda. Maombi waliombewa. Mtoto hakuja. Elius hakuwahi kumsema kwa hilo. Ndugu zake Elius ndio waliosema, tena waziwazi.

Jioni moja ya mwezi wa saba baridi ilikuwa kali. Wauzaji wengi walifunga mapema. Hulda alikuwa anamwaga majivu aliposikia kilio nyuma ya magunia ya viazi. Alichungulia. Alikuta mtoto wa kike wa miaka kama minne. Alikuwa na kiatu mguu mmoja tu, na midomo ilikuwa inatetemeka.

"Maskini! Mama yako yuko wapi?"

"Kwenye basi."

"Basi gani, mwanangu?"

"Kubwa."

Hulda alitazama huku na huku. Basi kubwa halikuwepo, wala dogo. Alivua sweta lake akamvika mtoto, akampa kiazi cha moto, akambeba mgongoni. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Hata mimi ningembeba.

Lakini kituo cha polisi kilikuwa kwenye njia ileile ya kwenda nyumbani. Hulda alikiona, taa zinawaka, askari amesimama mlangoni. Mtoto alikuwa amesinzia, mashavu yake yana joto shingoni mwa Hulda.

"Nitakuja kesho," alijiambia, akapita.

Jamani, kesho haijawahi kuisha.

Nyumbani, Elius alikoleza moto. Mtoto alikula ugali na maharage, akaomba tena.

"Unaitwa nani, mama?" Elius alimuuliza.

"Elina."

"Tutamwita Atupele," Hulda alisema haraka. Jina hilo alikuwa amelitunza tangu siku ya harusi. Maana yake ni kwamba Mungu ametupatia.

"Si amesema anaitwa Elina?"

"Elius! Mungu amesikia kilio chetu, wewe unaleta habari za majina!"

Elius aligeukia moto, akaacha ubishi. Alimpenda mke wake, na ukweli ni kwamba mtoto yule alikuwa anapendeza kumtazama.

Hulda hakwenda stendi kwa siku nyingi. Majirani walipouliza, alijibu, "Huyu ni mtoto wa mdogo wangu wa Igwachanya. Amenipa nimlee." Watu wakaamini. Huku kwetu kumlea mtoto wa ndugu ni jambo la kawaida. Wakaanza kumwita Mama Atupele. Weee! Mara ya kwanza alipoitwa hivyo sokoni, Hulda alipita tena njia ileile ili aitwe mara ya pili.

Kukawa na jambo moja tu. Kila akiitwa Atupele, mtoto alisema, "Mimi Elina." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemkumbusha mtu aliyesahau.

Siku moja Hulda alinunua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Aliwaweka kwenye ungo, akaingia ndani kuchukua chumvi. Aliporudi, mtoto alikuwa amewatandaza dagaa wote kwa vidole vyake, wamepangana vizuri, hakuna aliyelala juu ya mwenzake.

"Nani kakufundisha?"

"Mama. Tunaanika kwenye mchanga. Mimi nafukuza kunguru."

Hulda alisimama na chumvi yake mkononi. Mchanga, usipa, kunguru. Hayo si mambo ya Makambako. Hayo ni mambo ya kule chini ziwani, wilaya ya Ludewa. Sasa alijua mtoto ametoka wapi. Na huko alikotoka yupo mwanamke anayeanika dagaa peke yake.

Aliwazoa usipa, akawatia sufuriani.

"Kula, Atupele," alisema chakula kilipoiva.

"Mimi Elina."

Hulda hakumwambia mtu, hata Elius. Badala yake alimwomba mwinjilisti wa mtaani amwandikishe mtoto kwa ubatizo. Akaanza kushona gauni jeupe.

"Na kama alishabatizwa kwao?" Elius aliuliza.

"Kwao wapi? Kwao ni hapa."

Elius alishika msumeno wake akatoka nje. Kila mlango ulipogongwa siku hizo, wote wawili walishtuka.

Jirani yao wa karibu alikuwa Oktavia, mama mwenye maneno machache na macho mengi. Alikuwa katika kamati ya mtaa ya kulinda wanawake na watoto. Asubuhi moja alipita kwa Hulda.

"Kamwene, Mama Atupele."

"Kamwene, dada. Karibu chai."

"Sikai. Leo wanapima watoto zahanati. Mchukue Atupele na kadi yake, twende wote."

"Kadi imebaki Igwachanya, kwa mdogo wangu."

Oktavia alivuta kigoda, akakaa. Yeye aliyesema hakai!

"Hulda, nimekufahamu tangu tukiwa wasichana. Wewe si ndiye kitinda mimba kwenu? Huyo mdogo wako amezaliwa lini?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Hulda iliishia palepale, mbele ya birika. Mtoto akasogea akamshika Oktavia goti.

"Mimi Elina," alisema. "Nataka mama."

Hulda alilia. Alieleza yote, isipokuwa habari ya usipa.

"Sikumwiba, dada. Nilimwokoa. Baridi ingemuua!"

"Ulimwokoa, ni kweli. Usiku ule ulifanya vizuri. Kosa ni asubuhi yake. Mtoto aliyepotea anapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, au polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii. Siku hiyohiyo. Kama miguu ni mizito, piga simu namba 116. Ni bure."

"Nitakwenda, halafu? Ustawi watamchukua, wamtupe kituoni. Nani atamfunika usiku?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Watu wanasema."

"Watu! Mimi nimefanya kazi na hao ustawi. Kwanza wanatafuta wazazi. Wasipopatikana, wanatafuta ndugu. Ndugu wakikosekana, wanatafuta familia ya kuaminika, watu kama mimi na wewe, waliokaguliwa nyumba zao. Kituo ni mwisho kabisa. Kazi yao si kunyang'anya watoto. Kazi yao ni mtoto awe na kwao." Oktavia alimtazama Hulda usoni. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe umekaa na huyu wiki chache tu, na unalia hivi. Mama yake je?"

Elius alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Vaa viatu, mke wangu," alisema. "Twende. Nimechoka kuogopa mlango wangu mwenyewe."

Afisa ustawi wa jamii aliitwa Anneth. Hulda alitegemea kumkuta mama mkali mwenye miwani. Alimkuta dada mmoja mnene, mwenye mafua ya baridi, ambaye alichuchumaa kwanza kumsalimia mtoto.

"Shikamoo," mtoto alisema.

"Marahaba! Unaitwa nani?"

"Elina." Akamtazama Hulda. Hulda hakumsahihisha.

Anneth alisikiliza bila kukatiza. Mwishoni aliuliza, "Kuna lolote alilowahi kusema kuhusu kwao?"

Elius akasema hakuna. Hulda alivuta pumzi.

"Lipo," alisema. "Anajua kuanika usipa kwenye mchanga. Nilijua anatoka ziwani, Ludewa. Nilijua, nikanyamaza. Nimekosa, dada yangu. Mume wangu hakujua."

Elius aligeuka akamtazama. Anneth alichukua simu, akapiga polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Alitaja jina la mtoto na umri wake. Kisha akasikiliza. Alipokata simu sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama yake alikuja hapa Makambako asubuhi iliyofuata. Alizunguka stendi siku nzima akiuliza watu. Aliacha taarifa polisi, akarudi tena wiki iliyopita."

Hulda alijifunika uso kwa khanga. Asubuhi ile iliyofuata yeye alikuwa nyumbani, anamchemshia mtoto uji.

"Sitakuficha," Anneth alisema. "Sheria inamtaka kila mtu atoe taarifa. Polisi watachukua maelezo yako, na utayatoa kama ulivyoyatoa kwangu. Umefanya vizuri kusema mwenyewe."

"Na mtoto atalala wapi?"

"Hawezi kurudi kwako leo. Atakaa kwa Oktavia, ile ni familia tuliyoikagua. Lakini amekuzoea. Nenda ukamnawishe na umlishe, Oktavia akiwepo. Tukimkata ghafla tutamuumiza."

Kwa hiyo jioni ile Hulda alimwogesha mtoto uani kwa jirani yake. Alijua ni mara ya mwisho, au karibu na mwisho. Alimpaka mafuta, akamfunga vifungo vya sweta.

"Lala salama, Elina," alisema.

Mtoto alimtazama, akacheka kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza Hulda kumwita hivyo, na ilimuuma kuona furaha ile.

Mama yake Elina alifika kesho yake mchana. Aliitwa Dorosela. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Elina alimwona kutoka dirishani pale ofisini. Aliruka kutoka kwenye benchi, akapiga kelele moja tu, "Mama!" Dorosela alipiga magoti sakafuni, akamkumbatia, akamnusa kichwani, akamshika masikio na vidole kana kwamba anahakikisha vyote vipo. Anneth alijifanya anapenga mafua. Elius alitoka nje.

Baadaye Dorosela alieleza. Walikuwa wanakwenda Mafinga kwa dada yake mgonjwa. Basi liliposimama Makambako, alikwenda chooni na mtoto mchanga. Elina alimwacha amelala kiti cha nyuma.

"Narudi, basi linaondoka. Nikadandia mlango wa mbele. Njia imejaa watu. Nikaita, mwanangu yupo huko nyuma? Wakasema yupo, amelala. Kumbe ni mtoto wa mtu mwingine! Wangu alikuwa ameamka, akashuka kunitafuta. Nilikuja kujua Mafinga."

"Pole sana," Anneth alisema.

"Mume wangu Benno hasemi na mimi. Ndugu zake wanasema nimemuuza mtoto. Nimemuuza! Mimi!"

Hulda alikuwa amesimama kando ya mlango. Aliposikia hayo alipiga magoti.

"Mimi ndiye niliyekaa naye. Nilimpa jina jingine. Nilijua anatoka kwenu, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Dorosela alimtazama. Akamtazama Elina, sweta lake, mashavu yake.

"Nilikulaani kila usiku bila kukujua," alisema. "Sasa nakuona. Mwanangu amenenepa. Hukumtesa." Alifuta macho. "Leo sijaweza kukusamehe. Labda nitaweza njiani."

"Nami sitakuacha hivi hivi," Anneth alimwambia Dorosela. "Nimeshazungumza na mwenzangu wa Ludewa. Atakuja nyumbani kwenu, akae na Benno na ndugu zake, awaeleze ukweli. Na atarudi tena kumwona Elina anaendeleaje. Kumrudisha mtoto tu hakutoshi. Nyumba nayo lazima itulie."

Walipoondoka, Elina alimpungia Hulda mkono. Hulda alirudi nyumbani, akalikunja gauni jeupe ambalo halijaisha, akalia mpaka akachoka. Kesho yake alitoa maelezo polisi, wakamruhusu arudi, akawasha jiko stendi. "Mama Chai!" makondakta waliita. Aliitika.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kondakta wa basi la Ludewa alimletea mfuko wa usipa. Wametoka kwa Dorosela, alisema, na salamu kutoka kwa Benno. Elina naye amesema salamu hizo ni za mama mkubwa wake wa Makambako. Hulda alikaa kwenye kigoda chake. Mama mkubwa! Kumbe Dorosela alikuwa ameweza, huko njiani.

Wiki hiyo alimfuata Anneth.

"Dada, mtu aliyekosea kama mimi anaweza kuwa familia ya kuaminika?"

"Tutakukagua zaidi ya wengine," Anneth alijibu. Na kweli walimkagua. Walikuja nyumbani bila taarifa. Waliwauliza majirani, mwenyekiti wa mtaa na mwinjilisti. Elius na Hulda walihudhuria mafunzo, wakaambiwa wazi kwamba watoto watakaoletwa watakuja na kuondoka. Ilichukua muda mrefu. Hulda hakulalamika.

Kisha mchana mmoja wa upepo, Anneth alifika nyumbani kwao akiwa amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka kama sita. Mama yake alikuwa amelazwa Njombe, na hakukuwa na ndugu karibu. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake vya miguu.

Hulda aliacha birika likichemka. Alichuchumaa mbele yake.

"Mwanangu," alisema, "wewe unaitwa nani?"

"Fidelis."

"Karibu, Fidelis. Mama akipona, utarudi kwenu. Leo chai ipo na viazi vipo." Akageuka kuelekea karakana ya mumewe uani. "Elius! Njoo umsalimie Fidelis."