Kishungi cha Kisogoni

Siku ya Ijumaa, saluni ya Fiordaliza hapa mtaani Los Mina haina pa kuweka mguu. Wanawake wa mtaa wamejaa, rola kichwani, kahawa mkononi, redio inapiga muziki wa bachata. Ijumaa moja mimi nilikuwa chini ya draya. Draya inaunguruma, ndiyo, lakini umbea haunipiti hivi hivi.

Aliingia jirani yangu Mireya na binti yake, Yudelka. Kesho yake Yudelka angetimiza miaka kumi na mitano. Kwetu siku hiyo ni kama harusi ndogo: gauni, keki, na binti kucheza na baba yake mbele ya watu wote.

"Shoga, ninyooshee huyu," alisema Mireya. "Mtie dawa ya kudumu. Nywele mbaya hizi zitatuaibisha kwenye picha."

"Nywele hazina ubaya, zimejikunja tu," alijibu Fiordaliza. "Zimewahi kutiwa dawa yoyote?"

"Dawa gani! Kichwa hiki hakijaguswa tangu azaliwe."

Yudelka alitazama viatu vyake.

"Haya," alisema Fiordaliza. "Nitajaribu kwanza kwenye kishungi kimoja."

"Unatuchelewesha, shoga! Nimeacha keki kwenye oveni."

"Keki ikiungua utapika nyingine. Kichwa je?"

Akachukua kishungi chembamba kisogoni, akakipaka dawa. Akangoja, akakiosha, akakivuta taratibu. Kikavutika kama ubani wa kutafuna, kisha kikakatika na kubaki vidoleni mwake.

Yudelka alijishika kisogo, akaangua kilio.

"Yudelka, umefanya nini kichwani?" aliuliza mama yake.

"Mama, ni mimi na binamu Yaritza. Juma Kuu, ulipokwenda kanisani, tulitia dawa ya boksi. Ikaniunguza, tukaiosha haraka."

"Kumbe ndiyo maana kila siku unazifunga nywele fundo! Mtoto wewe!"

"Ile ya boksi na hii yangu hazipatani," alisema Fiordaliza. "Zikikutana kwenye unywele mmoja, unakatika. Ningepaka kichwa kizima, kesho angecheza akiwa na kipara."

Mireya alikuwa amefungua mdomo agombe. Badala yake akamvuta binti yake, akamkumbatia. "Ahsante Mungu. Ni kishungi tu." Hata mimi, nisiye na binti, nilishusha pumzi.

"Na ile dawa ya moshi?" Mireya aliuliza baadaye. "Binamu yangu alipakwa, nywele zikalala kama hariri."

"Ile inayochoma macho, watu wanakohoa? Ikiwa na fomalini ni sumu, kwa anayepakwa na anayepaka. Kwangu haiingii. Leo hakuna dawa. Namwosha, namtia rola, anakaa chini ya draya, halafu namnyoosha kwa brashi na draya ya mkono. Moto kiasi tu, nywele zimechoka. Akiosha, mikunjo inarudi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tutalowa sote, shoga."

Nilimpisha Yudelka kwenye draya. Mara umeme ukakatika, tukalalamika. Uliporudi tukapiga makofi, kama kawaida yetu. Mwishoni Fiordaliza alizizungusha nywele kichwani, akazibana pini na kuzifunga kitambaa. Sisi huita tubi. Ukilala nayo, asubuhi zimenyooka.

Jumamosi mvua haikunyesha. Yudelka alicheza na baba yake, nywele zikiyumba mabegani, na yule baba, pande la mtu mwenye mikono ya fundi makanika, akalia kama mtoto. Nilifurahi sana.

"Umeona pale kisogoni?" Mireya alininong'oneza.

"Hapaonekani kitu."

Jumatatu Yudelka aliosha nywele, mikunjo ikarudi. Aliamua kutotia dawa tena. Zile zilizoungua zingepunguzwa kidogo kidogo, mpya zikiota. Fiordaliza alimwambia jambo moja tu: siku nyingine akiulizwa ametia nini, aseme kweli.

Wiki hiyo Yaritza alimjia Yudelka na boksi jingine la dawa. "Safari hii hatutaiosha haraka," alisema.

Yudelka alimgeuzia kisogo, akanyanyua nywele, akamwonyesha kile kishungi kifupi kilichokatika. Yaritza alikigusa kwa kidole. Kisha akajishika kichwa chake mwenyewe, na boksi likarudi dukani.