Swali la Bwana Lin

Nora alipikia wafanyakazi wa machimbo ya kokoto karibu na Kerende. Mumewe, Masanja, alitoboa miamba hapohapo. Baruti ikilia, Nora alishtuka. Asikudanganye mtu, mlio ule hauzoeleki!

Siku moja Nora alikuwa anasonga ugali. Alimsikia Bwana Lin, msimamizi kutoka China, akisema redioni kwa Kiingereza, "Wote wametoka."

"Sawa," alijibu Ngeleja, fundi wa baruti.

Nora aliangalia shimoni. Masanja alikuwa bado chini, anakusanya vifaa!

Mwiko ulimdondoka. "Shemeji Ngeleja! Usilipue! Mume wangu yuko ndani!"

Ngeleja aliondoa mkono kwenye swichi. "Si Bwana Lin kasema wote wametoka?"

"Hapana!" alisema Lin, macho yamemtoka. "Mimi niliuliza!"

Masanja alipanda salama. Nora hakuweza kula. Jioni alikimbilia kwa jirani yake Agatha, mwalimu wa Kiingereza.

"Mwalimu, nitakuwa mjane kwa sababu ya sauti ya mtu? Jamani, naogopa!"

"Pole, Nora. Kesho nitakuja kuwaona."

Kesho yake, machimboni, Agatha alimuuliza Lin, "Kwa Kichina, sauti ikipanda au kushuka, neno linabadilika maana, sivyo?"

"Ndiyo. Kwa hiyo naogopa kuipandisha."

"Hata Kikurya chetu kina mambo hayo. Lakini hapa neno halitabadilika. Ukiuliza hivi kwa Kiingereza, pandisha sauti mwishoni. Ukitoa taarifa, ishushe. Hicho ndicho kiimbo. Kwanza acha maneno. Fumba mdomo, uimbe tu."

Agatha aliinua mkono taratibu. "Mm-mm-mm?" Akaushusha. "Mm-mm-mm."

Lin alijaribu. Sauti ilianguka palepale. Vijana wa machimbo wakacheka.

"Chekeni tu!" Nora aliwafokea. "Baruti ikiwakuta chini, mtacheka na nani?"

"Nawe Ngeleja," alisema Agatha, "hiyo 'sawa' yako iache. Hesabu watu kwanza. Kisha sema, 'Ndiyo, wote wametoka,' au, 'Hapana, bado.'"

Tangu hapo Nora hakumpa Lin chai mpaka aimbe. Lin aliimba, akakosea, akarudia. Polepole mkono wake ulipoinuka, na sauti ilipanda nao.

Wiki chache baadaye baruti ilitegwa tena. Nora alishika meza kwa mikono miwili. Redio ikakoroma.

"Wote wametoka?" Sauti ya Lin ilipanda vizuri.

Ngeleja alihesabu watu mmoja mmoja.

"Hapana!" alijibu Ngeleja. "Bado Masanja! Mguu umebanwa na jiwe!"

Lin alitupa redio, akateremka mbio na vijana. Walisukuma jiwe. Masanja akapanda akichechemea, amemwegemea Lin begani. Nora alimkumbatia mumewe, akalia kwa sauti bila aibu.

Lin alifuta jasho. Akaokota redio, akauliza tena.

"Ndiyo," alijibu Ngeleja. "Wote wametoka."