Picha Aliyoikataa Mama Bathsheba

Kila asubuhi kabla ya kukama ng'ombe, Bochaberi alitoka nje kuchungulia ukungu. Ukungu ukiwa mzito, alirudi jikoni kuwasha moto. Ukianza kupasuka juu ya shamba la chai, alikimbilia huko na simu mkononi, ndoo ya maziwa akiiacha mlangoni.

"Wewe na ukungu wako!" mama yake alilalamika. "Ng'ombe hakamwi kwa picha!"

Simu hiyo kuukuu alipewa na Shangazi Lavender, mpiga picha mwenye studio mjini Keroka, ili aingie katika shindano la picha la shule za eneo la Kisii. Kila mshindani alitakiwa kuleta picha tatu: ya maumbile, ya mandhari na ya maisha ya mjini. Aliyekosa hata moja aliondolewa. Bochaberi, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, tayari alikuwa na utando wa buibui uliojaa umande, na vilima vya Manga vikichomoza juu ya ukungu. Picha ya mjini ndiyo iliyomshinda, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Jumatano baada ya masomo alikwenda soko la Keroka pamoja na Onchiri, mwanafunzi mwenzake. Huko aliona kitu kilichomsimamisha ghafla. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi katikati ya mikungu ya ndizi mbichi, na jua la jioni lilipenya kati ya mikungu hiyo likamwangaza usoni. Bochaberi aliinua simu. Mwanamke aliiona, akainua mkono. Bochaberi akabonyeza.

"Wewe msichana!" mwanamke alifoka. "Nani amekwambia unipige picha? Unataka kunipeleka Fesibuku na sweta hii iliyotoboka? Futa! Futa hapa hapa nikiona!"

Wachuuzi wa karibu wakageuka kutazama. Bochaberi aliifuta picha.

Njiani Onchiri alicheka. "Kwani hujui picha ikifutwa hubaki kwenye simu kwa muda? Irudishe tu. Yule mama wa ndizi atajulia wapi?"

Bochaberi alisimama kando ya barabara. Alitafuta mahali ambapo picha zilizofutwa huwekwa, akabonyeza. Mwanamke akarudi, na ndizi zake, na jua lake. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama hiyo.

Alhamisi aliipeleka studio. Shangazi Lavender aliifungua kwenye kompyuta, akapiga makofi.

"Ala! Mwanga huu umeutoa wapi? Na mwenyewe alikubali?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mkono huu?"

"Alikuwa... alikuwa ananisalimia."

Shangazi aliivuta picha mpaka mkono ukajaa kioo kizima. Kiganja kilitazama mbele, vidole vimekakamaa. Kisha akasogeza hadi kwenye macho ya yule mwanamke. Hayakuwa na salamu yoyote.

"Bochaberi, nimepiga picha za harusi na mazishi tangu hujazaliwa. Huyu hasalimii. Huyu anakataa. Niambie ukweli."

Bochaberi alieleza yote huku akilia. Alidhani atanyang'anywa simu.

"Soko bado halijafungwa," Shangazi alisema huku akiifuta picha kwenye kompyuta. "Nenda kwake."

"Lakini nitakosa picha ya tatu! Kesho ni Ijumaa!"

"Ndiyo. Huenda ukaikosa."

Bochaberi alikwenda sokoni peke yake. "Shikamoo, mama. Jana picha yako ilibaki kwenye simu, nikairudisha. Nimekuja kuifuta kabisa mbele yako. Naomba unisamehe." Akaifuta, kisha akaifuta tena pale ilipokuwa imejificha, akamwonyesha kwamba haipo.

Mwanamke huyo, aliyeitwa Mama Bathsheba, alimkodolea macho. "Nani amekutuma?"

"Shangazi yangu. Lakini maneno ni yangu mwenyewe."

"Na picha ulitakia nini?"

"Shindano, mama. La maisha ya mjini."

"Kwa hivyo maisha ya mjini ni sweta yangu?" Wachuuzi waliangua kicheko. Mama Bathsheba naye akacheka. "Mtoto, ungeniuliza, ningeikataa sweta. Picha nisingeikataa."

Alivua sweta, akajifunga leso safi, akasimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Bochaberi akampiga picha.

"Hii ni ya kuweka nyumbani, mama. Naomba nikae hapa unapouza, nikupige nyingine."

"Kaa. Lakini hapa hakuna kukaa bure. Beba mikungu!"

Bochaberi alibeba mpaka mabega yakauma na utomvu ukamchafua sare. Ndipo mnunuzi mmoja alipotaja bei ya chini mno. Mama Bathsheba alirusha kichwa nyuma, mikono yote miwili juu. "Kwa bei hiyo nakuuzia maganda!" akasema, akicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. Bochaberi alibonyeza, kisha akampelekea simu kabla ya kufanya lolote jingine.

"Hii ndiyo!" Mama Bathsheba aliwaita majirani. "Njooni mwone! Buya mono! Nzuri sana! Peleka hii, waione mpaka Kisii!"

Nao waliiona. Siku ya maonyesho, katika ukumbi mmoja mjini Kisii, picha tatu za Bochaberi ziliongoza zote. Alipokabidhiwa kamera mpya, Onchiri alipiga mluzi hadi akakaripiwa. Mama Bathsheba alikuja na kundi zima la wachuuzi, akasimama kando ya picha yake akimwambia kila aliyepita, "Huyu ni mimi! Aliyenipiga picha ni yule pale!"

Shangazi Lavender alimshika Bochaberi bega.

"Vilima na ukungu havina aibu ya kuonekana, vipige upendavyo," alisema. "Lakini mji ni watu, na kila mtu ndiye mwenye uso wake. Mara ya kwanza uliuchukua uso wake kwa hila, ukapata mkono unaokufukuza. Ulipomrudia kwa ukweli, alikupa kicheko chake chote. Hicho ndicho kilichoshinda leo."