Nyumba Isiyowashwa Moto

Kamisi alisikia harufu ya ufuta unaoungua ndani ya chumba cha betri, katika nyumba ambayo jiko lake halikuguswa tangu watu wa kijiji cha Abuku walipokimbilia Zaire. Alichungulia mafigani. Palikuwa na utando wa buibui tu. Akajiambia ni njaa, akaongeza maji kwenye betri, akafunga mlango.

Nyumba ilikuwa ya kaka yake Sulaimani, askari aliyekimbia serikali ilipopinduliwa mwaka 1979 akafia porini ukimbizini. Watu walipoanza kurudi, kila ukoo ulifuata mila: nyumba iliyoachwa kwa vita haitumiwi mpaka ndugu wa damu abebe kaa la moto kutoka jikoni kwake, awashe mafiga, amwite mwenye nyumba kwa jina. Kamisi alipuuza. Watu wa mradi walipoleta umeme wa jua, aliwapa nyumba ile iwe ya betri, akabonyeza swichi mbele ya umati na kutamba, "Moto ndiyo huu! Moshi hakuna!" Watu wakacheka, naye kichwa kikamvimba.

Nyaya zilitoka pale zikapita juu ya nguzo hadi dukani, msikitini na kwenye zahanati, ambako mkewe Jenifer angejifungulia. Watoto wao wawili walifia gizani kule Zaire, mkunga akipapasa. Huyu wa tatu Kamisi alitaka azaliwe kwenye mwanga, azaliwe hai, na hakuna kingine alichokitaka duniani.

Wiki ile taa zikaanza kufifia wakati wa magharibi. Ya dukani kwanza, kisha ya msikitini, kama mtu anayepita akichungulia nyumba hadi nyumba, na kila ilipofifia taa, ufuta ulinuka, kama ule uliokuwa ukikaangwa zamani jikoni kwa Sulaimani.

Mganga, Mzee Dumo, alitembea chini ya nyaya akinusa. Aliporudi alimvuta Kamisi kando.

"Kaka yako iko natafuta jiko," alinong'ona. "Wewe nawasha taa. Taa haiko moto, haina moshi, haina jivu. Sasa yeye nafuata waya, naingia kwa nyumba ya watu."

"Nifanye nini, Mzee?"

"Beba moto kwa jiko yako, washa kule, mwite. Lakini sikia: waya usiguse. Ndiyo njia yake ya kurudi."

Jioni hiyohiyo Jenifer akashikwa na uchungu. Kamisi alibeba kaa kwenye kigae, akawasha mafiga ya kaka yake, moshi ukapanda, akaita, "Sulaimani, rudi nyumbani!" na papo hapo akamsikia mkunga Margarita, kule zahanati ng'ambo ya uwanja, akipiga kelele kwamba taa inapumua, taa inapumua juu ya mama, na kilio cha Jenifer kikachanganyika na mvumo wa nyaya uliokuwa ukikaribia, ukikaribia, na harufu ya ufuta ikamjaa puani, na badala ya kungoja, badala ya kuita tena, mikono yake ilinyakua koleo lililokuwa kando ya betri ikakata waya.

Mvumo ukakoma. Moto uliwaka vizuri mafigani, na hakuna aliyeingia.

Alikimbilia zahanati. Margarita alimpokea mlangoni na kibatari mkononi.

"Mutoto iko muzima, Kamisi. Mama pia iko muzima."

Kamisi alilia kwa furaha bila kuona haya, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Lakini hailii," Margarita alisema polepole. "Iko naangalia tu."

Jenifer alikuwa amejibanza ukutani, uso ameugeuzia upande wa pili, hataki kupewa mwanawe. Kamisi akampokea yeye. Mtoto alikuwa wa moto mikononi. Akafumbua kinywa chake kisicho na jino, na sauti nzito ikatoka, sauti ya Sulaimani, taratibu, bila hasira.

"Kamisi, wewe naniita, halafu nakata njia? Basi. Mimi nitakaa hapa."