Abiria wa Keria Nyeupe

Fébronie aliwaona kupitia dirisha la jikoni: mumewe Vénant anaingia uani kwa baiskeli, na nyuma yake, juu ya keria, mwanamke amekaa upande, miguu ikining'inia, kama wanavyokaa akina mama wa Buyenzi, kule Bujumbura, wakitoka sokoni. Akaongeza sahani. Katika nyumba ya Warundi, hata ikiwa Mesquite, Texas, mgeni haulizwi kama amekula. Anawekewa kwanza, kukataa ni juu yake.

"Karibu mgeni, chakula kipo," alisema mlango ulipofunguka.

Aliingia Vénant peke yake, anahema.

"Mgeni wako umemwacha nje?"

"Mgeni gani?"

"Huyo uliyembeba."

"Mama Annick, mimi na hili tumbo tayari tuko wawili. Wa tatu angekaa wapi?"

Wakacheka. Lakini sahani iliyobaki, maharagwe na ndizi zilizotoka motoni sasa hivi, ilikuwa baridi kama ya jana, na ilinuka rangi mbichi ya kupaka. Fébronie akaimwaga.

Baiskeli yenyewe haikuwa ya kuringia. Ilikuwa ya chuma, ya bei ya watu wa kawaida, ya aina inayokimbizwa uwanjani: haina gia, haina breki, na pedali zake hazijui kupumzika. Gurudumu likizunguka, nazo zinazunguka. Ukitaka kusimama, unazikataza kwa miguu yako na kumkumbusha Mungu kwamba upo. Vénant aliinunua kwa ajili ya Annick, mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya kungoja mpaka majirani wakaacha kuuliza. Jumamosi Annick angeshindana Houston, kwenye uwanja wa mviringo wenye kingo zilizoinuka kama bakuli. Kwanza, baba alisema, lazima mtu mzima aijaribu barabarani. Akawa anakwenda nayo kazini ghalani. Yeye alijiita fundi wa majaribio. Annick alimwita ajali inayotafuta mahali.

Kasoro moja tu ilimkera tangu mwanzo: ilikuja bila keria. Kwa mtu aliyebeba abiria Bujumbura ujana wake wote, baiskeli bila keria ni kama kwenda misani bila suruali. Basi siku moja, kwenye makutano ya barabara kubwa karibu na maghala, akaona baiskeli kuukuu imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe yote, matairi, cheni, hadi kiti, na maua ya plastiki yamesokotwa kwenye usukani. Wamarekani, alijisemea, hupamba hata takataka. Keria yake ilikuwa nzima, inapigwa jua bure. Akatoa spana, akaihamishia kwenye yake.

Tangu hapo baiskeli ikawa nzito.

Mwanzoni alilaumu tumbo, kisha umri, kisha upepo wa Texas, ambao hulaumiwa kwa mengi. Halafu mchana mmoja akasikia cheni ikilia gerejini. Alipofungua mlango, baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani kama alivyoiacha, na gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka taratibu, na pedali nazo, moja juu, moja chini, kama miguu ya mtu asiye na haraka. Gereji nzima ilinuka rangi mbichi.

Hakumwambia mtu. Kesho yake akaipanda tena, kwa sababu mwanamume akishajiita fundi wa majaribio hawezi kuacha jaribio katikati. Na wakati wa kurudi, jua likiwa bado juu, akasikia lori linakuja nyuma yake, na kabla halijamfikia, mikono miwili baridi ikapita chini ya fulana yake, ikamkumbatia kiunoni, ikakaza, ikakaza zaidi kadiri lori lilivyokaribia, na pumzi ya mtu anayeogopa kuliko yeye ikawa inapiga shingoni mwake, haraka haraka, huku pedali zikishika mwendo ambao hakuuomba na miguu yake ikizifuata kama kamba inayofuata ndoo kisimani, mpaka lori likapita, mikono ikalegea, naye akajikuta uani kwake, analia, hajui alivyofika.

Usiku wa kuamkia safari akaifungua ile keria na kuitupa ndani ya buti la gari.

"Umeitoa?" Fébronie alinong'ona.

"Nimeitoa. Hana pa kukaa tena."

"Nani hana?"

Vénant akajifanya amelala.

Houston palikuwa na joto na watu wenye furaha. Annick akaingia uwanjani, akazunguka vizuri, baba yake akapiga makofi mpaka wazazi wengine wakamtazama. Kisha makofi yakamfia mikononi. Annick alikuwa amejaribu kupunguza mwendo, bega lake lilionyesha, na mwendo ukazidi. Wenzake walikuwa wameshuka chini kupumzika, yeye bado anapanda ukingo, juu kabisa kwenye uzio, kichwa kimegeuzwa upande, na nyuma ya mgongo wake, mahali pasipo na kiti wala keria, kitambaa cha fulana yake kilikuwa kimekunjwa kama kimeshikwa na vidole.

Vénant aliwajua abiria. Abiria akizungushwa, akaona mahali palepale panapita tena na tena na hafiki, hukasirika. Na abiria hashuki mpaka mwenye baiskeli aseme. Akakimbia na tumbo lake hadi kwenye uzio, na Annick alipopita, akasema kwa sauti ya kazi yake ya zamani, "Mama, tumefika. Shuka."

Fulana ikakunjuka. Annick akateremka hadi kwenye nyasi, akaanguka hapo.

"Dad, I couldn't stop," alisema. Kiswahili alikisikia chote, lakini tangu chekechea hakuwahi kujibu kwacho. "They weren't my legs." Hakuweza kusimama, miguu haikuwa yake.

Wakati wa kupakia baiskeli ndipo Annick alipoiona ile keria, akaikwangua kwa ukucha, akauliza ilikotoka. Baba akaeleza. Annick akafunika mdomo. Baiskeli nyeupe, aliwaambia, huwekwa pale mwendesha baiskeli alipogongwa na gari, akafa.

Kurudi, Fébronie alikaa nyuma, Annick amelala mapajani mwake. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hawajatoka mjini, taa nyekundu ya mkanda ikawaka, gari likaanza kulia kwa ajili ya abiria ambaye hajajifunga. Vénant akanyoosha mkono, akavuta mkanda, akaufunga juu ya hewa. Kelele ikakoma.

Jua lilikuwa linazama walipofika kwenye ile nguzo. Alifungua mkanda ili abiria ashuke, akairudisha keria mahali pake, akaomba msamaha kwa Kirundi, kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza chake kibovu, maana hakujua marehemu alisikia kipi, akapiga ishara ya msalaba. "Tumefika, mama. Shuka kwa amani."

Akarudi garini. Akawasha. Taa nyekundu ikawaka, na kelele ileile ikaanza.

Fébronie akasema polepole, "Vénant. Nani anakubali kushushwa pale alipofia? Huyu alikuwa anakwenda nyumbani."

Na mdomo wa Vénant, uliozoea kazi ya zamani kuliko hofu mpya, ukauliza wenyewe: "Basi, mama, nikupeleke wapi?"

"Usimuulize," mkewe alinong'ona, amechelewa.

Annick alikuwa bado amelala. Hakufumbua macho. Lakini midomo yake ilifunguka, ndani ya gari kukanuka rangi mbichi, na jibu likatoka kwa Kiswahili safi, cha upole, cha mgeni mwenye adabu.

"Pale mliponiwekea sahani."