Hema Lililokunjwa Likiwa Bichi

Aliyepatwa na mambo haya anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na ukitaka kumwita mwongo, nenda kamwite mwenyewe. Mimi meno yangu bado nayahitaji.

Jina lake Glenys Pascoe, mjane wa miaka sitini na mmoja, mwenye sauti ya kuvukisha ng'ombe mto. Jumatatu moja asubuhi, wiki ya kuelekea Pasaka, jua limetulia vizuri, alikokota mfuko wa hema kutoka gereji mpaka kwenye nyasi, akashika kiuno.

"Haya, bwana," akauambia mfuko. "Mwaka mzima umelala. Hata marehemu hakuwa mvivu kiasi hicho."

Marehemu ni Des, mumewe. Kwa miaka thelathini na moja, kila Pasaka, wawili hao walisimamisha hema hilo la turubai la pamba chini ya mkaratusi uleule kando ya mto. Pale mtoni hakuna hati wala kibao. Sheria ni moja na kila mtu anaijua: hema lako lisiposimama kabla ya saa sita mchana Ijumaa Kuu, mahali pako pamekwenda na maji. Pasaka iliyopita Des alianguka palepale, moyo ukasimama, mvua inamwagika. Glenys akaondoka naye kwenye gari la wagonjwa. Hema akalikunja shemeji yake, Col, likiwa linachuruzika, akalisukumia gerejini, na msiba ukalisahaulisha.

Mtu wa turubai akisikia hivyo hushika kichwa. Turubai la pamba halifungwi likiwa na maji. Ukibanwa ukalifunga, kesho yake unalianika. Mwaka mzima? Ni sawa na kuosha gari la mtu kwa msasa.

"Shemeji, lichome hilo," alisema Col, amesimama nje ya uzio. "Limeshakufa."

"Nilichome ili wewe ukaegeshe karavani yako, hicho kijumba cha magurudumu, pale kwangu?"

"Sijasema hivyo."

"Macho yako yamesema, na yana kelele kuliko mdomo."

"Nakuomba, shem." Aliongea kwa sauti ya chini, na Col si mtu wa sauti ya chini. "Usilifungue."

Akalifungua.

Lilinuka kama tope la chini kabisa ya mto. Kuvu jeusi lilikuwa limetapakaa kila upande. Glenys akasimamisha nguzo, akapigilia vigingi, akaanza kusugua kwa brashi laini, kwanza kavukavu, kisha kwa maji na siki. Sabuni hakutia. Sabuni hula kinga ya turubai, na anayeitumia anastahili mvua itakayomkuta. Kufikia jioni lilibaki doa moja tu, ukuta wa nyuma. Doa lilikuwa na mabega. Lilikuwa limekaa, magoti yamekunjwa, kama mtu anayesubiri aletewe chai.

Glenys akacheka mpaka brashi ikamponyoka. "Des! Hata kufa hakujakufundisha kusaidia kazi?" Akalisugua hadi likafutika, akajifuta machozi, akaenda zake kulala.

Jumanne asubuhi doa lilikuwa limerudi. Limesimama.

"Miaka thelathini na moja nimekusugulia kola," akaliambia, "utanishinda leo?" Akalifuta tena. Jumatano likarudi, safari hii ukuta wa pembeni, hatua mbili kuelekea mlangoni. Bado hakuogopa. Mume wako wa miaka yote hiyo hakutishi. Anakuudhi tu.

Alhamisi saa nne asubuhi ulikuwa mtihani wa mwisho. Turubai likishasuguliwa hivyo huloweshwa, nyuzi zivimbe, matundu ya sindano yajizibe. Akaegesha mpira wa maji kwenye ngazi, ukimwaga juu ya paa, akaingia ndani kukagua, mikono ameizamisha kwenye mifuko ya aproni. Hiyo nayo ni sheria: turubai likiwa bichi, usiliguse kwa ndani. Ukiligusa hata kwa ncha ya kidole, palepale panavuja.

Maji yalinguruma juu. Ndani pakavu. Glenys akatabasamu.

Tone likaanguka mbele ya pua yake.

La pili. La tatu. La nne. La tano.

Akainua macho. Paa lilikuwa linavuja sehemu tano, zimetawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Yeye alikuwa peke yake. Mikono yake ilikuwa bado mfukoni.

"Des," akanong'ona, "wewe ndiye uliyenifundisha pasiguswe."

Kisha, karibu zaidi na uso wake, matone mengine matano. Mkono wa pili.

Akahesabu. Akahesabu upya. Kumi.

Msumeno ulimkata Des vidole viwili mwaka waliooana. Alizikwa na vinane.

Zipu ya mlango ikaanza kushuka, ikimfungia ndani. Taratibu. Jino moja. Jino jingine. Hakuna aliyeishika.

Wengine sisi tungetoboa ukuta kwa kichwa. Glenys aliogopa, anakiri mwenyewe. Lakini alikwenda mlangoni, akaishika ile zipu.

"Sikiliza wewe," akanong'ona. "Sikujui. Hili hema ni langu. Pale mtoni ni pangu. Kesho saa sita nitakuwepo."

Akaipandisha. Kitu kikaishusha. Akaipandisha. Kitu kikaishusha, na pumzi yenye harufu ya tope ikampita shingoni.

"Nimemzika mume mimi!" Sasa hakunong'ona tena. Majirani wote tulisikia. "Unadhani nitamwogopa mpangaji? Toka! Ndani ni kwangu! Ukitaka kukaa, utakaa nje!"

Zipu ikaachia ghafla, akaanguka kifudifudi kwenye jua.

Alifunga maji, akafungua madirisha yote ya hema, akasimama mlangoni siku nzima bila kubanduka mpaka turubai likakauka kabisa. Doa halikurudi.

Ijumaa Kuu, saa tano na nusu, manyunyu yameanza, hema lilisimama chini ya mkaratusi. Col akafika na karavani yake. Alipoliona hema alizima gari, akaja kwa miguu, uso umempauka.

"Shem," akanong'ona. "Siku ile nilipolikunja lilikuwa zito mno. Nilidhani ni maji." Akalitazama hema. "Halafu nikiwa naufunga mfuko, likajigeuza. Kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia."

"Na hukuniambia."

"Ningeanzaje, na Des yuko mochwari?"

"Ungeanza na samahani." Glenys akamtazama juu mpaka chini, akamkabidhi mkate wa Pasaka wenye siagi. "Kula, kisha ukaegeshe mbali. Mimi sihami."

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ndani halikuingia hata tone.

Jumatatu jua likatoka, naye akatoka na chai yake. Kambi nzima ilikuwa tope la kufika vifundoni. Isipokuwa sehemu moja, nje ya ukuta wa hema, sambamba na kitanda chake. Pale palikuwa pakavu kabisa. Palikuwa na umbo la kichwa, la mabega, na la mikono miwili iliyonyooshwa mpaka kwenye turubai. Akainama akapagusa. Pana joto, kama godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi.

Glenys akaleta kiti chake cha kukunja, akakisimika katikati ya kifua cha umbo lile, akaketi. Akanywa chai mpaka tone la mwisho, bila haraka.

Tangu siku hiyo nyasi hazijaota mahali pale. Nimepaona mwenyewe. Zimechipua sehemu nne tu, ndogo kama sarafu: pale miguu ya kiti ilipokanyaga.